Uzoefu wangu na kozi ya mtandaoni ya waandishi wa riwaya

Nilijiunga na kozi hii muswada wangu ukiwa umekwama katikati. Ina sehemu tatu: ufundi wa kuandika, namna ya kuendelea bila kukata tamaa, na kujitangaza. Sehemu ya kwanza peke yake inatosha kurudisha gharama. Ya pili imenipa utaratibu ambao bado naufuata. Ya tatu ichujwe kabla ya kumezwa.

Katika ufundi, unatuma sura, mhariri anairudisha ikiwa na maoni pembeni, na hakuna maoni ya "nzuri, endelea hivyo hivyo." Kwenye sura yangu moja, mke anagundua kuwa mumewe ameuza shamba kwa siri. Nilikuwa nimeandika: "Rehema alikasirika sana. Alihisi amesalitiwa." Mhariri aliuliza kitu kimoja tu: mikono yake inafanya nini wakati huo? Nikaandika upya: "Rehema aliikunja ile hati, akaikunja tena, na tena, hadi ikakataa kukunjika. 'Umeshakula?' akamuuliza mumewe." Neno hasira limeondoka, lakini wenzangu kwenye kundi walisema wanamwogopa yule mama. Tangu hapo kila nikikuta "alihuzunika" au "alifurahi" kwenye rasimu yangu, nasimama.

Jingine ni kipimo cha onyesho. Nani anataka nini? Kitu gani kinamzuia? Onyesho likiisha, kipi kimebadilika? Kama hakuna kilichobadilika, onyesho lifutwe au liunganishwe na jingine. Kwa kipimo hicho niliondoa sura nzima ambamo ndugu wawili wanakumbushana mambo ambayo msomaji anayajua tayari. Iliniuma, maana ilikuwa na sentensi nilizozipenda, lakini hadithi ilianza kukimbia siku ile ile.

Mhariri pia alinionyesha jambo linalotuhusu sana sisi tunaoandika Kiswahili. Kiambishi "a" hakitofautishi mwanamke na mwanamume, wala mhusika huyu na yule. Ukiandika "alimwambia amwache aende zake" kwenye chumba chenye watu watatu, msomaji amepotea. Dawa yake ni kutaja jina au cheo mapema, kumpa kila mtu kitendo chake, na kutoruka kutoka kichwa cha mhusika mmoja kwenda cha mwingine ndani ya onyesho lile lile.

Kwenye sehemu ya pili nilitarajia maneno matamu ya kutia moyo. Nashukuru hayakuwepo. Wanakufundisha ratiba. Mfano wao mkuu ni Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 19 aliyekuwa mfanyakazi wa posta: aliweka saa mbele yake na kujilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa, kabla ya kwenda kazini. Hakuna anayekutaka ufikie kasi hiyo. Hesabu waliyotupa ni ya kawaida kabisa: maneno 300 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 52 yanakuwa 78,000, na hiyo ni riwaya kamili. Mbinu iliyonisaidia zaidi ni kuacha kuandika wakati bado najua kinachofuata, ili kesho nisianze na ukurasa mtupu. Na palipokosekana taarifa, andika TAFUTA kwa herufi kubwa, usonge mbele. Ukifungua intaneti kutafuta jina la dawa au la mti, saa yako ya kuandika imekwenda.

Sasa kujitangaza. Walimu wanasisitiza mno kuchapisha kitu mitandaoni kila siku. Sikubaliani nao. Mwandishi wa riwaya anayetengeneza video kila siku atakosa muda wa kuandika riwaya anayoitangaza. Pamoja na hayo, somo la maelezo ya jalada la nyuma ni bora kuliko lolote nililowahi kusoma: mtaje mhusika, anachokitaka, kinachomzuia na atakachokipoteza akishindwa, kisha nyamaza. Usimwage mwisho. Muhtasari wa kumpelekea mchapishaji ni kitu kingine, huo lazima useme hadithi inaishaje, na wengi huvichanganya viwili hivi.

Ushauri wa orodha ya barua pepe nao nauunga mkono kwa mikono miwili. Wafuasi wa mtandaoni wako mikononi mwa mtandao wenyewe, mtandao huo ukibadilisha utaratibu wake, hawakuoni tena. Anwani ambazo wasomaji wamekupa kwa hiari, labda kwa kubadilishana na sura ya kwanza ya bure, unahama nazo popote. Vilevile wanahimiza kusoma hadharani, wakimtaja Charles Dickens, mwandishi mwingine wa riwaya wa Uingereza wa karne ya 19, aliyeanza kusoma kazi zake hadharani kwa kipato chake mwenyewe mwaka 1858, na kwa ajili hiyo alivifupisha na kuvirekebisha vipande vyake vifae kusikilizwa. Chagua kipande kifupi chenye mazungumzo mengi, ukatize kabla mgogoro haujatatuliwa.

Kuna mapungufu. Miswada ikiwa mingi, maoni huchelewa. Suala la mikataba limepitiwa juu juu, wakati mwandishi mpya anahitaji kuelewa haki za tafsiri, za kitabu cha sauti na za filamu kabla hajatia saini popote. Hilo lilistahili somo zima.

Ningempendekezea kozi hii mtu mwenye angalau sura kadhaa tayari, maana mazoezi karibu yote yanafanyika juu ya kazi yako mwenyewe. Ambaye bado anatafuta wazo atakosa cha kumpa mhariri, na maoni ya mhariri ndiyo hasa unayoyalipia.