Unga wa kufanya vinywaji viwe vizito: wa wanga au wa gamu? Nimetumia zote

Mimi nilitolewa kansa ya koo, wakaondoka na kipande cha zoloto (kile kisanduku cha sauti kooni), wiki kadhaa nikawa nalishwa kwa mrija wa puani. Kuja kupigwa ile eksirei ya kumeza, unayokunywa bariamu (dawa nyeupe inayoonekana kwenye eksirei) huku wanarekodi video, maji yanaonekana kabisa yanaingia njia ya hewa na mimi wala sikohoi. Kwa hiyo ile "mbona sijapaliwa" isikudanganye, unaweza kupaliwa kimyakimya ukaja kustukia nimonia. Nikaruhusiwa vyakula laini na vinywaji vizito, daraja la 2 kwenye IDDSI, kile kipimo cha kimataifa cha uzito wa vyakula na vinywaji.

Unga wa kwanza ulikuwa wa wanga. Jamani! Unakoroga chai inakaa freshi, unapokea simu, ukirudi kijiko kinakaribia kusimama chenyewe. Halafu mate yakiingia kikombeni inaanza kulegea tena, maana mate yanavunja wanga, yaani ulichopima mwanzo sicho unachomalizia. Na kama unatumia dawa ya kulainisha choo, ile ya makrogoli (macrogol), usiichanganye na huu, kinywaji kinarudi majimaji na ndo unapaliwa, muulize mfamasia kwanza.

Wa pili ni wa gamu ya zanthani (xanthan gum), hapa ndo nimetulia. Uzito haupandi panda, mate hayauwezi, na chai inabaki na rangi yake. Kasoro yake mabonge, ukimwaga wote kwa mpigo umeisha, nyunyiza kidogo kidogo huku unakoroga na uma, acha dakika chache. Mdomoni unateleza kama kamasi (samahani mnaokula).

Kupima natumia bomba la sindano la ml 10, lile ambalo kutoka 0 hadi 10 ni mm 61.5, bila sindano yake. Ziba tundu kwa kidole, jaza kinywaji mpaka 10, achia sekunde 10, ziba tena. Zikibaki ml 4 hadi 8 ndo daraja la 2. Siku ya kwanza zilibaki 9, nikamwaga nikaanza upya huku nimekasirika na kiu juu.

Ila unga haumezi kwa niaba yako. Mimi nilifundishwa kubana pumzi, kumeza, kukohoa, kumeza tena ndo nivute hewa, mwenzangu wodini akaambiwa ainamishe kidevu, msiigane.

Wanga nyota 2, zanthani 4. Ya tano naibania mpaka chai iache kuteleza.