Menyu ya pembeni ilinipendeza, vijana wangu wakataabika

Miezi minne sasa tunatumia programu ya kufuatilia wateja kwenye duka letu la vipuri vya magari, Gerezani, Dar es Salaam. Programu yenyewe sina ugomvi nayo. Kilichonitesa ni menyu, yaani orodha ya vipengele vyake.

Siku ya kwanza fundi wa programu alifungua laptopu yake akauliza: bosi, menyu ikae juu au pembeni? Nikasema pembeni. Vipengele vyote 12 vinasomeka kwa mkupuo, wakati ile ya juu ikijaa, vinavyozidi vinafichwa kwenye "Zaidi". Nilichosahau ni kwamba laptopu dukani ni moja, ya mhasibu. Vijana wa kaunta wanatumia simu, tena kwa mkono mmoja, mwingine umeshika shokapu ya mteja. Kwenye simu menyu yangu nzuri ilijikunja ikawa vistari vitatu kwenye kona ya juu kushoto, ambako dole gumba halifiki. Alama hiyo aliichora Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya 1981, na ile ilikuwa na mausi, haikushikwa kiganjani.

Mteja wa Songea aliulizia giaboksi. Kikumbusho cha kumpigia kiliwekwa, kikalala nyuma ya vistari siku tisa. Nilipompigia, ameshanunua kwingine.

Lugha nayo ilikuwa kituko. Kipengele cha watu walioulizia bei bila kununua kwa Kiingereza ni "Leads", wao wakakitafsiri "Miongozo". Binti wa kaunta alidhani ni maelezo ya kutumia programu, hakukigusa hata siku moja, wala sikumlaumu. Bahati nzuri majina yanabadilishika. Sasa kinaitwa "Walioulizia".

Mwezi wa tatu wa kuitumia nilikaa kaunta asubuhi nzima nikiandika kila wanachofungua. Tukahamia menyu ya chini kwa upande wa simu: Walioulizia, Oda, Madeni, Vikumbusho. Vinne tu, na kila ikoni ina neno lake. Vikumbusho kina namba nyekundu, huwezi kujifanya hukuiona. Vilivyobaki viko kwenye vistari na hakuna aliyeviulizia.

Mwenye kinyongo ni mhasibu. Kwenye laptopu mpangilio ni mmoja kwa watumiaji wote, na Ankara, anayoifungua kutwa nzima, iko ya kumi. Nimewaandikia wenye programu, wakajibu "tunalifanyia kazi". Wiki ya tatu hii.