Seti ya kuunda injini ndogo ya mvuke kwa anayeanza: uzoefu wangu

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi mnaruka hadi chini: kama hujawahi kukata thredi wala kushika tupa maishani, seti ya injini yenye silinda inayoyumba ndo ya kuanzia, na inazunguka kweli, ila kwenye boila usitafute ujanja, nunua iliyokwisha kupimwa presha.

Nilisoma sana kabla ya kuchagua. Wazoefu wengi wanaitaja seti nyingine, Stuart 10V, silinda ya kipenyo cha inchi robo tatu, injini nzuri sana lakini ukiichukua kama vyuma ghafi vya kusubu unahitaji mashine ya kukereza, na mimi nina jiliwa, drili na meza tu. Kwenye hii ya kuyumba hakuna valvu ya kuteleza (ile inayofungua na kufunga njia ya mvuke), hakuna taimingi ya kuseti. Silinda yenyewe inacheza huku na huku kwenye pini yake, tundu lake likikutana na tundu la mvuke kwenye bamba inaloegemea, mvuke unaingia unasukuma pistoni, krenki (mkono unaozungusha shafti) ikipita silinda inalalia upande wa pili, tundu linakutana na la kutolea, mvuke uliokwisha kazi unatoka. Basi. Mtu akikuelezea mara moja umeelewa.

Ndani ya boksi silinda na pistoni ni za brasi zimeshakerezwa vizuri, flaiwili (gurudumu zito la kuendeleza mzunguko) nzito kiasi chake, bamba, shafti, springi na skrubu za M3 na M2, yaani za milimita 3 na 2. Skrubu zimehesabiwa hakuna hata moja ya ziada, hapo wamebana bila sababu. Na karatasi ya maelekezo ni aibu, michoro midogo halafu kwenye kukata thredi wameandika tu "kata thredi" wakati hapo ndo anayeanza anavunja tapu, kile chuma cha kukatia thredi ndani ya tundu. Kwa hiyo niseme wasichosema: tundu la M3 unatoboa kwa drili ya 2.5 mm, la M2 kwa 1.6, tapu isimame wima kabisa, unazungusha nusu mzunguko mbele unarudi nyuma kidogo ili chenga zikatike, tone la mafuta, taratibu. Ile ya M2 ni nyembamba, ikianza kukaza usiilazimishe, itoe usafishe tundu uanze tena.

Sasa kazi yenyewe, ile inayoamua kama injini itazunguka au itakaa hapo inafuka tu, ni nyuso mbili zinazosuguana, uso wa silinda na uso wa bamba. Lazima ziwe bapa kabisa maana hakuna gasketi pale, zikiachana kidogo mvuke unapita pembeni. Nilitumia kioo kinene na msasa wa maji, kuanzia namba 600 kupanda hadi 1200, unapaka uso wino wa makapeni halafu unasugua kwa kuchora nane, pale wino ulipobaki ndo kwenye bonde, unaendelea hadi uishe wote. Inachosha mikono lakini kiukweli ni sehemu niliyoifurahia kuliko zote, yaani unauona uso unabadilika mbele yako. Ukimaliza osha vizuri sana, punje za msasa zikibaki zitaendelea kuula huo uso kila injini ikizunguka.

Springi inayobana silinda kwenye bamba walioweka ni ngumu mno, injini ilikuwa inajikaba yenyewe. Nililegeza nati hadi ikawa inabana kiasi cha kuzuia mvuke tu, ikawa nyepesi. Usilegeze kupita kiasi pia, presha itainyanyua silinda kutoka kwenye bamba.

Kabla ya moto jaribu kwa hewa, pampu ya baiskeli inatosha kujua kama iko hai. Na isipoanza yenyewe usidhani ni mbovu, silinda ni moja na inasukumwa upande mmoja tu kwa hiyo flaiwili ndo inaivusha ile nusu nyingine ya mzunguko, lazima uipe kidole. Ikikubali kuzunguka upande usioutaka, badilisha bomba la kuingizia na la kutolea, itageuka.

Mara ya kwanza kwa mvuke itatema maji na kusimama, silinda bado ni baridi, mvuke unageuka maji humo ndani, izungushe kwa mkono hadi ipate moto. Mafuta pia yawe yale mazito ya silinda za mvuke, haya ya cherehani yanaoshwa yote mara moja. Seti ina kikopo cha kulainisha, na ni kiakili kweli: mvuke unaoingia humo unageuka maji, maji ni mazito yanakwenda chini, mafuta yanapanda na kuingia kwenye bomba yenyewe pole pole.

Boila sasa. Maji yakichemka kwenye hewa ya kawaida yanatanuka kama mara 1,600, ndo maana sikubali mchezo. Lehemu laini ya risasi inayeyuka kwenye nyuzi 183 hivi na mvuke wa presha ya ba 3 uko karibu na 143, pengo dogo hilo, maji yakikauka tu viungio vinaachia. Boila ya shaba iliyoungwa kwa lehemu ya fedha, ikapimwa kwa maji baridi mara mbili ya presha ya kazi, yenye valvu ya usalama inayofunguka kweli, hiyo ndo nunua. Usijaze hadi juu, acha nafasi ya mvuke, na zima kabla maji hayajaisha. Mwali wa spiriti mchana hauonekani, angalia mikono.

Nyota nne, ya tano imekwenda na ile karatasi. Kama unachotaka ni kuona flaiwili ikizunguka leo leo, kampuni za Mamod na Wilesco wanazo zilizoundwa tayari, unajaza maji unawasha, hii utaichukia.