Filimbi ya B-flati kanisani: uzoefu wangu baada ya miezi kumi na minne, Moshi

Nimepiga filimbi ya mianzi ya matundu sita katika kwaya ya usharika wetu, huko Marangu, kwa miaka minane sasa. Kwa sehemu kubwa ya muda huo nilitumia filimbi ya ufunguo wa D (yaani do yake ni noti ya D), kwa kuwa ndiyo iliyo rahisi kuipata na ndiyo wanayoanza nayo wanafunzi wengi. Miezi kumi na minne iliyopita nilimwagiza fundi mmoja wa Moshi mjini anitengenezee filimbi ya B-flati, yaani ile inayotoa B-flati pale matundu yote sita yanapozibwa, nikamlipa shilingi 60,000.

Sababu ya kwanza ilikuwa tarumbeta. Katika sharika nyingi za Kilutheri za Kilimanjaro kikundi cha tarumbeta ndicho kinachobeba ibada, na vyombo vya shaba vina funguo vinazozipenda: B-flati, E-flati na F. Kwa miaka yote ya filimbi ya D, kila wimbo ulipoanzishwa katika E-flati nilikuwa na noti tano kati ya saba ambazo filimbi yangu haikuzitoa kwa kufungua na kuziba matundu kwa mpangilio wa kawaida. Ilinibidi nizibe tundu nusu, au nizibe matundu ya chini huku moja la juu likiwa wazi. Mtu mwenye mazoezi anaweza kufanya hivyo katika wimbo wa polepole, lakini noti hizo hutoka zimefifia na mara nyingi si sahihi, na zikikaa kando ya tarumbeta tatu zinazopuliza kwa nguvu, msikilizaji anachosikia ni upepo tu. Filimbi ya B-flati inanipa B-flati na E-flati bila taabu, kwa vidole vilevile ambavyo filimbi ya D hutumia kwa D na G.

Sababu ya pili inatuhusu sisi tunaosoma nyimbo kwa solfa (do, re, mi) kuliko wale waliofundishwa kwa mistari mitano. Katika solfa, do huhama kulingana na ufunguo wa wimbo, na mwanakwaya hahitaji kujua jina la noti. Anahitaji kujua tu do imekaa wapi. Filimbi ya matundu sita imejengwa kwa mantiki hiyohiyo: matundu yote yakizibwa ni do, ukifungua moja ni re, ukifungua mawili ni mi. Kwa hiyo wimbo ulioandikwa do ni B-flati ninausoma moja kwa moja kutoka kwenye karatasi ya kwaya bila kuhamisha chochote kichwani. Mwalimu wetu wa kwaya alipoliona hilo aliniambia, “Dada, kumbe miaka yote ulikuwa unafanya hesabu katikati ya wimbo!” Ndivyo ilivyokuwa.

Lakini kinachonifanya niipende filimbi hii ni sauti yake. Filimbi ya D ilinilazimisha kupanda oktava ya juu ili nisikike, na huko juu ilikuwa ikigombana na soprano. Hii mpya iko chini kwa toni mbili kamili, kwa hiyo melodi ya kawaida ya tenzi inaangukia katikati ya chombo, mahali ambapo mwanzi una sauti nene na ya joto, na akina mama wa soprano wanaweza kuimba juu yake bila kusukumwa. Theobald Boehm, fundi wa Munich ambaye mfumo wake wa mwaka 1847 ndio msingi wa filimbi za chuma za leo zinazopiga funguo zote, katika uzee wake aliipenda mno filimbi ya alto ya G, iliyo ndefu na ya sauti ya chini zaidi, kwa ajili ya sauti yake. Nilipolisoma hilo nilielewa kwamba kuchagua ufunguo si suala la urahisi wa vidole peke yake.

Zipo gharama. Kushuka toni mbili kunarefusha filimbi kwa takriban robo, na matundu nayo yanaachana kwa kiasi hichohicho. Wiki tatu za kwanza kidole changu cha pete cha mkono wa kulia hakikuziba vizuri, hadi nilipoacha kutumia ncha za vidole na kuanza kuziba kwa nyama ya kati ya kidole. Mwenye mikono midogo amwombe fundi asogeze tundu hilo kidogo pembeni. Mimi sikujua, nami nilijutia. Pumzi pia inahitajika zaidi, hasa katika noti za chini.

Jambo lingine ni baridi. Watu huuliza kama mwinuko wa Marangu unabadilisha sauti. Haubadilishi, kinachobadilisha ni joto la hewa iliyo ndani ya bomba. Kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazopungua hushusha sauti kwa karibu theluthi moja ya nusu-toni. Filimbi iliyopimwa mchana Moshi mjini itakuwa chini katika ibada ya kwanza ya mwezi wa Julai, na filimbi yangu, iliyo ya kipande kimoja, haina kiungo cha kuirefusha wala kuifupisha. Naishika ndani ya koti na kuipulizia kimya kabla ya wimbo wa kwanza.

Kama unapiga peke yako, au na gitaa, baki na D. Kwangu mimi kilichobaki ni nyimbo zetu chache za A-flati, ambazo hata B-flati haizifiki kwa urahisi, na kwa ajili yake nimekwisha kumwagiza fundi yuleyule filimbi ya E-flati, safari hii kwa bomba la vipande viwili.