Hita ya kiti cha gari la zamani: fundi aliyepima kabla ya kubadilisha

Nianze na bei, maana ndiyo swali la kwanza la kila mtu: kutengeneza hita ya kiti cha dereva nimelipa shilingi 85,000, pedi (ule mkeka wenye waya wa joto unaokaa chini ya kitambaa cha kiti) 45,000 na ufundi 40,000, na nimeridhika. Kazi imefanyika Mwanakwerekwe, kwenye banda dogo la fundi umeme wa magari.

Najua wengi hapa Unguja wanaona hita ya kiti ni kitu cha nchi za theluji. Mie naitumia kwa kiuno. Nakaa Fuoni na nafundisha Makunduchi, na kipupwe kikiingia, kusi likivuma alfajiri, kiuno hukaza hadi kushuka garini ni kazi. Nikiwasha hita natoka nyumbani, nikifika Kitogani mgongo ushalegea. Kwa hiyo ilipokufa sikuweza kuiacha hivihivi.

Gari langu ni la Kijapani la mwaka 2006, limeletwa mtumba kama mengi ya hapa. Hita ilianza kwa kuzingua: nikikaa hivi inapata moto, nikijisogeza inakata. Baadaye ikanyamaza kabisa, ingawa taa ya swichi iliendelea kuwaka. Kiti cha abiria kilikuwa kizima.

Gereji ya kwanza niliyokwenda hawakufungua kitu chochote. Wakaangalia swichi, wakasema imekufa, ninunue nyingine. Nikawauliza wameipimaje. Jibu likawa kwamba kama sitaki swichi, watavuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi kwenye hita, "itawaka tu." Niliondoka, na hili nataka wenzangu walielewe vizuri. Hita ya kiti ina kidhibiti joto, themostati, kazi yake kukata umeme joto likifika kiwango. Ukikiruka, waya unaendelea kuchemka ndani ya sponji na kitambaa huku mtu amekaa juu yake. Mzima atahisi na kuruka. Mwenye sukari, ambaye mapaja yameingia ganzi, anaweza kuungua asijue mpaka afike nyumbani. Mama yangu ana sukari na ndiye abiria wangu wa Jumapili, kwa hiyo kwangu jambo hili si dogo.

Yule wa Mwanakwerekwe alianza tofauti. "Mwalimu, kwanza tuangalie kinachofanya kazi," akaniambia. Akawasha hita ya abiria, akaweka kiganja, ikapata moto. Kwenye gari langu viti vyote viwili vinatumia fyuzi moja, kwa hiyo palepale fyuzi ikatoka kwenye orodha ya washukiwa. Akalala chini, akachomoa plagi iliyo chini ya kiti cha dereva. Pini zake zilikuwa na kutu ya kijani, ile inayoletwa na hewa ya chumvi na maji ya masika yanayojificha chini ya zulia. Nikadhani ndiyo ugonjwa wenyewe. Akazisafisha mpaka zikang'aa, akarudishia, kiti bado baridi. Akachomoa tena, akapima upande wa swichi: volti 12 zipo. Swichi niliyotaka kuuziwa ilikuwa nzima.

Kisha akaweka mita kwenye omu, kipimo cha jinsi waya unavyouzuia umeme. Hita ya abiria ilisoma nne na kidogo. Ya dereva, OL, maana yake njia imekatika. Hapo akafanya kitu nilichokipenda kuliko vyote: akaweka goti juu ya kiti, akaanza kukandamiza polepole kutoka katikati kwenda upande wa mlango, macho kwenye mita. Katikati hakuna kitu. Alipofika ukingoni namba ikatokea, ikapotea, ikatokea tena. "Umekatikia hapa," akasema, na kiti hakijafunguliwa bado.

Kabla ya kukitoa kiti alichomoa waya wa betri na tukasubiri kwanza, kwa sababu chini yake kuna plagi ya rangi ya manjano ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, na hiyo haichezewi umeme ukiwapo. Akafungua boliti nne, akakata vile vipete vya chuma vinavyoshika kitambaa, akafunua. Doa jeusi lilikuwepo palepale alipopaonyesha, ukubwa wa ukucha, kwenye ukingo wa mlangoni ambako dereva hujiburuza kila anapoingia na kutoka. Waya umevunjika kwa kukunjwa miaka yote hiyo.

Pedi ya kukalia na ya mgongoni zimeungwa mfululizo, umeme unapita moja ndipo uingie nyingine, ndiyo maana moja ilipokatika zote mbili zilikufa. Ya mgongoni akaipima peke yake, ikawa nzima. Nilimwuliza kwa nini tusinunue zile pedi mpya zinazouzwa kwa gari lolote. Akanieleza kwamba kwenye mfululizo, yenye omu nyingi ndiyo inayobeba joto kubwa. Ukichanganya pedi mbili zisizolingana, moja itakuchoma na nyingine itabaki vuguvugu. Kuunga waya kwa risasi pale palipokatika pia alikataa, kwa kuwa ndipo mahali panapokunjwa kuliko pote. Akatafuta pedi ya kiti cha gari la aina hiihii lililovunjwa, na alikwenda na mita yake kwa muuza spea, akapima kabla sijatoa pesa.

Ilipofungwa, injini ikiwa inawaka, hita ilivuta kama ampea 3, sawa na wati arubaini na kitu. Joto linaanza kusikika baada ya dakika chache na linakata lenyewe kama inavyotakiwa. Themostati ya kiwandani ipo na inafanya kazi.

Malalamiko ninayo. Kupata pedi kulichukua muda mrefu, na gari lilikaa bila kiti huku mie napanda daladala. Risiti hakutoa wala hakuandika popote kuhusu dhamana; aliniahidi kwa mdomo tu. Badala ya vipete vya chuma alifunga tai za plastiki, na kona ya nyuma ya kitambaa imebaki na mkunjo ambao haukuwapo. Kwa anayejali sura ya ndani ya gari, amwambie mapema atafute vipete.

Kwenye kiti cha abiria nilimwomba achomoe plagi ya hita, ile ya manjano asiiguse, ili mtu asije akaiwasha mama akiwa amekaa. Hakunitoza kitu kwa hilo. Akaifunga kwa utepe na kuibana pembeni, isigongwe na miguu ya wanaokaa nyuma.