Unaamka saa tisa usiku na barakoa ya CPAP usoni? Anza kununua hivi

Mwaka wangu wa kwanza na CPAP, mashine inayosukuma hewa kooni ili pumzi isikatike usingizini, nilikuwa nalala fofofo hadi saa nane au saa tisa usiku, kisha macho kodo. Nikanunua mto wa bei mbaya, nikabadili godoro, nikakaribia kununua mashine nyingine kabisa. Kilichokuwa kinaniamsha ni kipande cha silikoni kilichochoka, kidogo kuliko kiganja.

Kuna sababu usumbufu huu hupenda saa hizo. Usingizi wa ndoto huja kwa wingi sehemu ya mwisho ya usiku. Misuli ya koo hulegea zaidi, njia ya hewa hubana, na mashine ya kujirekebisha yenyewe huongeza mgandamizo, yaani nguvu ya hewa inayopulizwa. Mgandamizo ukipanda, barakoa iliyokuwa imetulia saa nne usiku huanza kupuliza machoni. Unaamka huku unadhani ni mawazo ya ada za watoto.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, soma mashine yako. Nyingi zinaonyesha asubuhi kiasi cha hewa iliyovuja na mara ngapi pumzi ilikatika kwa saa. Kwa mashine za ResMed, uvujaji ukizidi lita 24 kwa dakika ni mwingi mno. Mikatiko ya pumzi kwa kawaida inatakiwa ibaki chini ya 5 kwa saa. Kama mashine ina kadi ya kumbukumbu, ichomeke kwenye kompyuta na uifungue kwa OSCAR, programu ya bure, uone dakika kwa dakika nini kilitokea saa tisa. Ikiwa uvujaji ni mdogo lakini mikatiko inazidi 5 usiku baada ya usiku, hilo si la dukani. Mpigie daktari wako.

Namba moja: barakoa, au mpira wake tu

Hapa ndipo pesa yako ifike kwanza. Ziko za aina tatu: ya vijipira viwili vinavyoziba tundu za pua, inayofunika pua, na inayofunika pua na mdomo. Kama unapumua kwa pua na unalala ubavu, chagua ya vijipira. Haina cha kusukumwa na mto, na wenye masharubu hawapati taabu nayo. AirFit P10 ya ResMed huja na vijipira vya saizi tatu ndani ya boksi moja, hivyo hulazimiki kubahatisha. Ukiamka kila mara mdomo umekauka kama gunzi, unapumua kwa mdomo, na hapo kubwa ya pua na mdomo ndiyo yako, ingawa ndiyo inayovuja kwa urahisi zaidi na inaacha alama usoni.

Usiijaribu ukiwa umesimama kaunta. Uso uliolala si uso uliosimama: mashavu huteremka. Muuzaji akuruhusu ulale chali, kisha ubavu, mashine ikiwa inapuliza kwa mgandamizo wako. Aliyeniuzia ya kwanza alinipimia kwa macho, akanipa saizi kubwa, nikaikaza mikanda hadi pua ikachubuka. Barakoa inayohitaji kukazwa hivyo ni saizi isiyo yako.

Kama barakoa ilikuwa inakufaa na sasa imeanza kuvuja, nunua mpira wa mbele peke yake, ule wa silikoni unaogusa uso. Mafuta ya uso huulainisha ukapoteza umbo. Uoshe kila siku kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu. Na ikiwa wewe au unayelala naye ana kifaa cha moyo kifuani, kataa barakoa zenye vifungo vya sumaku.

Namba mbili: umeme wa akiba

Penye umeme usiokatika huu ungekaa mwisho. Kwetu nauweka hapa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipozimika, aliyetegemea soketi peke yake alirudi kukoroma. Mashine ikinyamaza unaamka kwa kukosa hewa, na hata umeme ukirudi usingizi umeshapaa.

Hesabu yake si ngumu. Ukizima kipasha unyevu, yaani kitangi cha maji kinachoipa hewa joto na unyevu, mashine nyingi hula wati 30 hivi au pungufu. Kwa saa 8 ni wati-saa 240. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Hata ukitumia nusu tu ili isife mapema, inakutosha na chenji inabaki. Ukiwasha kipasha, matumizi yanaweza kuzidi maradufu, kwa hiyo siku ya giza kizime. Kwa mashine ya volti 24, tafuta kibadilishi cha volti 12 kwenda 24 kinachoikubali. Kinapoteza umeme kidogo kuliko inveta.

UPS ya kompyuta usiipendekeze hata kwa adui. Ile ndogo aghalabu hubeba betri ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84, ambayo haifiki alfajiri. Halafu umeme ukikatika tu inalia pii, pii, pii. Umenunua kitu cha kukuamsha.

Namba tatu: unyevu na bomba

Hapa inategemea unapoishi. Dar, Tanga na Mombasa hewa yenyewe ina maji, labda kama unalala na kiyoyozi kinachokausha chumba. Njombe au Limuru mwezi wa Julai ni kinyume: hewa ya uvuguvugu inapita kwenye bomba la baridi, mvuke unageuka matone, unaamka na maji puani. Bomba lenye waya wa joto linatibu hilo, ila lazima liwe la modeli yako. Kwanza mpe fundi cherehani kipande cha fulana alishonee bomba gauni, na uiweke mashine chini ya kimo cha kitanda. Shida yangu iliishia hapo.

Maji ya kujaza kitangi yawe yaliyokenekwa (distilled), ya duka la dawa. Yale ya betri ya pale kituo cha mafuta yaache pale pale.

Namba nne: vikorokoro

Ndoano ya kuning'iniza bomba juu ya kichwa ni nzuri, hasa chini ya chandarua, maana bomba likivutwa hufungua pindo na mbu wanaingia. Kipande cha kamba kinafanya kazi ile ile. Mkanda wa kidevu unafunga taya, haufungi midomo, kwa hiyo usitarajie makubwa. Kujibandika utepe mdomoni, hapana. Dawa za usingizi bila daktari pia hapana, baadhi yake hulegeza koo lile lile unaloliponya.

Na kuna cha bure. Ukiamka na hewa inakupuliza kwa nguvu, zima mashine uiwashe tena. Kama kipandisho cha polepole kimewekwa, itaanza upya kwa upole. Ukienda chooni au kula daku, chomoa bomba tu, barakoa ibaki kichwani.

Mwisho kabisa: mashine nyingine

Ndugu wa ughaibuni hupenda kutuma zilizotumika. Soma kibandiko cha adapta: iandikwe volti 100 hadi 240. Kama ni Philips DreamStation ya toleo la kwanza, uliza kama ilirekebishwa, kwa sababu Juni 2021 kampuni iliomba zirudishwe kutokana na sifongo ya ndani inayoweza kumomonyoka. Usiilalie kabla daktari wako hajaiwekea namba zako. Zilizomo alipangiwa mwenyewe wa kwanza, kwa koo lake.