KMeans ya scikit-learn: ifanyie marekebisho kabla ya kuiamini

Kama unatumia Python na unataka kugawa data katika makundi, KMeans ya scikit-learn (maktaba ya Python ya kujifunza kwa mashine) ni chombo kizuri: hugawa data katika makundi k, kila nukta ikiwekwa kwenye kitovu kilicho karibu nayo zaidi. Ni ya bure, ina kasi, na `pip install scikit-learn` inatosha kuipata. Tatizo ni mipangilio inayokuja nayo.

Kubwa zaidi ni n_init, yaani mara ngapi hesabu inaanzishwa upya ili kuchukua matokeo bora. Kuanzia toleo la 1.4 thamani yake ya awali ni 'auto', na ukitumia k-means++ (njia ya kuchagua vitovu vya kuanzia kwa bahati nasibu, vikiwa mbalimbali) hesabu hufanyika mara moja tu. Zamani ilifanyika mara 10. Watafiti Arthur na Vassilvitskii walithibitisha mwaka 2007 kwamba k-means++ huleta, kwa wastani, gharama (jumla ya miraba ya umbali wa nukta hadi vitovu vyake) isiyozidi 8(ln k + 2) mara gharama bora kabisa. Kwa k = 8, ambayo ndiyo idadi ya awali, hiyo ni kama mara 33! Na ni wastani, hivyo jaribio lako moja linaweza kuwa baya kuliko hapo. (Hata hivyo, scikit-learn hupima vitovu kadhaa kila hatua na kuchukua kilicho bora. Kwa kawaida matokeo huwa mazuri zaidi, ila uthibitisho ule hauigusi moja kwa moja.)

Dawa yake ni rahisi. Kwa kanuni ya Markov, uwezekano wa jaribio moja kufikia mara mbili ya wastani wake hauzidi nusu. Uwezekano wa majaribio 10 yanayojitegemea yote kuharibika kiasi hicho hauzidi 1/1024. Andika n_init=10, kisha weka random_state (namba inayodhibiti bahati nasibu) ili mwenzako akirudia apate makundi yaleyale.

max_iter=300, kikomo cha hatua katika kila jaribio, iache ilivyo.

Kabla ya yote pitisha data kwenye StandardScaler, inayoweka safu zote kwenye kipimo kimoja. Mshahara wa shilingi 800,000 ukikaa pamoja na umri wa miaka 40, umbali wote unaamuliwa na mshahara, na umri ni kama haupo. Wala usichague k kwa kutafuta inertia (ile gharama ya juu) ndogo: k ikilingana na idadi ya nukta, inertia ni 0 na hujajifunza lolote. Linganisha kwa silhouette_score, inayopima jinsi makundi yalivyoshikamana na kutengana.

Makundi marefu au yaliyopinda hayaokolewi na majaribio mengi, kwa sababu gharama inayopunguzwa ndiyo isiyoyafaa. Hapo tumia DBSCAN, inayotafuta makundi kwa msongamano wa nukta na imo humohumo, ila eps (umbali wa ujirani) na min_samples (idadi ya chini ya majirani) utazitafuta mwenyewe.